Mita Moja na Nusu ya Ukuta Wangu

Mpimaji alipuliza rangi nyekundu kwenye ukuta wangu Jumamosi moja asubuhi, nikiwa bado na mswaki mdomoni. Haikuwa ile X ya bomoabomoa inayowakosesha watu usingizi. Ulikuwa mstari mfupi wa wima, na kando yake tarakimu: 1.5. Maana yake ukuta urudi ndani mita moja na nusu, jirani wa ng'ambo naye arudi mita moja na nusu, ili kichochoro chetu cha mita tatu kiwe barabara ya mita sita. Nikatema povu la dawa, nikamuuliza kijana, "Na fidia?"

Akacheka kwa adabu. "Mzee, huu ni urasimishaji, mtaa uliojengwa bila kupimwa sasa unapimwa. Barabara mnajipa wenyewe."

Niseme ukweli: mimi ni mmoja wa wale wanaotoa mihadhara ya mipango miji kwenye kijiwe cha kahawa. Nimeshalaani foleni, nimeshalaani mafuriko, nimeshauliza kwa sauti ya juu mara ngapi sijui, hivi nchi hii haina wataalamu? Siku ile, kijana alipohamia kwa jirani na kopo lake la rangi, nilisimama nikahesabu tofali za ukuta wangu moja moja. Kisha nikatoa futi ya fundi, nikapima upya, nikitafuta kosa lake. Sikuliona. Hasira ilipopoa ndipo nikakumbuka kile kiwanja nilikipataje.

Nilikinunua mwaka 2009, upande wa Goba, kwa mzee mmoja aliyekuwa na shamba la mihogo na mikorosho michache. Dalali alinipeleka kwa pikipiki. Mzee alikuwa amekwisha kata vipande kwa watu kama kumi hivi, akabaki na nyumba yake na mkorosho mmoja wa kivuli. Tulipima kwa kamba ya manila yenye mafundo, ishirini kwa ishirini. Nikauliza njia iko wapi. Dalali akanionyesha kwa kidevu kijinjia kati ya mihogo. "Njia ipo kaka, wala usiwe na shaka. Gari ndogo inaingia."

Gari ndogo inaingia. Ukitaka kujua kiwango cha barabara kilichotumika kujenga sehemu kubwa ya Dar es Salaam, usihangaike na vitabu vya kanuni, ni hicho. Si gari la zimamoto, si gari la kunyonya majitaka, si lori la mchanga. Corolla, tena dereva awe mzoefu.

Wakati ule nilimwona mzee mchoyo. Leo namwelewa. Hebu tupige hesabu yake. Kipande alichokuwa anauza kilikuwa na urefu wa kama mita 60. Njia ya mita tatu inakula mita za mraba 180. Ya mita sita inakula 360. Zile mita tatu za ziada, kwa hiyo, ni karibu nusu kiwanja cha ishirini kwa ishirini, na nusu kiwanja kwake ilikuwa ada ya wajukuu au bati za nyumba. Tena angeitoa peke yake, huku mwenye shamba wa jirani akiuza mpaka kizingitini. Hakuna aliyemzuia, hakuna aliyemlipa. Ardhi ya barabara siku ya kuuza haina mwenyewe, lakini siku mgonjwa anapobebwa kwenye mkeka hadi barabara kuu, wenyewe wanajitokeza mtaa mzima.

Na mimi je, kwa nini sikununua kiwanja kilichopimwa? Vilikuwepo. Mradi wa Viwanja 20,000 ulianza mwaka 2002, na hadi kufika 2009 ulikuwa umekwisha toa viwanja vingi kuliko jina lake, kule Bunju, Mbweni, Tuangoma, Kibada, Gezaulole, Buyuni. Lakini kule kulikuwa na fomu, kulikuwa na tarehe ya mwisho ya malipo, na malipo yenyewe ni ya mkupuo. Mzee wangu alikubali nimlipe kwa awamu tatu, ya mwisho baada ya Idi. Kwa watu wa kipato changu, benki ya nyumba ni subira ya muuza shamba.

Tukaandikishana kwa mjumbe. Mashahidi wawili kila upande, mwenyekiti akagonga mhuri, asilimia kumi ya ofisi ikatoka, soda zikanywewa. Karatasi ile ninayo mpaka leo. Ina saini na mihuri utadhani nchi mbili zimewekeana mkataba wa amani. Hakuna hata mmoja kati yetu, nami nikiwemo, aliyeuliza maji ya mvua yatapita wapi.

Sasa izidishe kamba ile ya manila kwa mji mzima. Sensa ya 1967 ilihesabu watu 356,286 mkoa wa Dar es Salaam. Ya 1978 ikakuta 843,090, yaani zaidi ya mara mbili ndani ya miaka 11. Mwaka 2012 tulikuwa 4,364,541 na mwaka 2022 tukawa 5,383,728, kama mara 15 ya wale wa 1967. Mtu aliyezaliwa mwaka ule wa kwanza alikuwa na miaka 55 tu, bado ana nguvu za kugombania daladala. Na hiyo ni hesabu ya ndani ya mpaka wa mkoa, wakati mji wenyewe hauujui huo mpaka: umeingia Kibaha, umeingia Mkuranga, unainyemelea Kisarawe. Kwa makadirio yanayotajwa siku zote, kiasi cha robo tatu ya wakazi wanaishi kwenye maeneo ambayo hayakupangwa. Maana yake mzee wangu wa mihogo, pamoja na wenzake, ndio waliopanga mji. Maofisa walikuja baadaye kuuchora ulivyo.

Si kwamba hapakuwa na ramani. Ramani zilikuwepo tangu zama za Mjerumani, na Mwingereza akazikazia: Wazungu kando ya bahari, Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo na kwingineko, na Mnazi Mmoja uachwe wazi ili kuwatenga hao na wale. Yale maneno Uzunguni, Uhindini na Uswahilini ni majina ya kanda za ujenzi kabla hayajawa utani. Ikaja ramani kuu ya 1949, kazi ya kampuni ya Kiingereza. Ikaja ya 1968, kisha ya 1979, zote mbili kazi ya washauri wa Kanada. Ile ya 1979 ilikuwa ya miaka 20. Iliyofuata baada yake ni ya 2016 hadi 2036. Hesabu pengo lililo katikati, halafu kumbuka ni ndani ya pengo hilo ndipo Kimara, Mbezi, Goba, Kinyerezi, Chanika na Mbagala ya ndani zilipojaa nyumba.

Watu hupenda kusema tatizo ni rushwa au uvivu wa maofisa. Vipo, sikatai. Ila kuna jambo la kawaida zaidi, nalo ni fedha ya kuanzia. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka anayechukuliwa ardhi alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Ni sheria nzuri, iliyotokana na machungu ya wakulima waliokuwa wakilipwa migomba yao na kuambiwa waondoke. Lakini halmashauri isiyo na fedha ya kumlipa mzee leo inasubiri bajeti, na mzee hasubiri. Bajeti ikija, shamba lina wenyewe 14, na kila mmoja ana msingi, ana karo, ana ukuta. Kilichokuwa fidia ya mihogo sasa ni fidia ya nyumba.

Nilipokuwa bado naikasirikia ile rangi nyekundu, nilikwenda Sinza kumwona rafiki yangu aliyerithi nyumba ya baba yake. Nimepita Sinza maisha yangu yote bila kuitazama. Safari hii niliitazama kama mtu anayetafuta ushahidi wa kesi yake. Viwanja vyenyewe ni vidogo, wala si vya matajiri. Nyumba hazifanani hata kidogo: hii ya bati la zamani lenye kutu, ile ya ghorofa tatu yenye vioo vya bluu, pale gesti, pale baa inayopiga muziki mpaka mtu unaombea umeme ukatike. Lakini mitaa imenyooka. Unasimama kwenye kona moja, unaiona kona ya pili. Nilipokuwa kwa rafiki yangu, gari la majitaka lilifika kwa jirani yake, likarudi kinyumenyume hadi getini, likanyonya, likaondoka, ikawa imekwisha. Rafiki yangu hakugeuza hata kichwa. Mimi ndiye niliyesimama dirishani kama mtoto aliyeona treni.

Ni kwa sababu kwangu shughuli hiyo ni tamasha. Gari linasimama barabara kuu, vijana wanaunganisha mipira kipande kwa kipande, inapita mbele ya geti la huyu na chini ya dirisha la yule, na kila kiungo kinavuja kidogo. Bei inapanda kwa kila mpira unaoongezwa. Majirani wanafunga madirisha na kukutazama kama umewatukana. Ndiyo maana wengine hawaliiti gari kabisa. Wanasubiri masika. Mvua kubwa ikishika usiku, mtu anatoboa karo lake kwa pembeni, au anachomoa kizibo cha bomba alilolitega tangu alipojenga, na maji ya mbinguni yanachukua yaliyomo. Kitendo hicho kina jina, kutapisha, na anayeishi bondeni hahitaji kuelezwa zaidi. Kipindupindu cha Dar es Salaam kina msimu wake, na msimu huo unaanzia hapo, kwenye njia ambayo gari ndogo inaingia.

Sinza haikupata barabara zake kwa bahati. Katikati ya miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilichukua maeneo yaliyokuwa karibu matupu, Sinza, Kijitonyama na Mikocheni yakiwemo, ikayapima, ikaweka barabara na maji, ikawagawia watu viwanja. Nyumba haikujenga. Kila mtu alijenga yake kadiri alivyopata: chumba mwaka huu, sebule mwaka ujao, ghorofa akizaa mtoto mwenye kazi nzuri. Mradi huo huo ulikuwa na mkono wa pili, ule wa kuboresha maeneo yaliyokwisha jengwa holela, kama Manzese: kupenyeza barabara, mitaro na taa katikati ya nyumba zilizopo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 fedha zilikauka na mambo yakaishia hapo.

Miaka zaidi ya 30 baadaye wachumi wakiongozwa na Guy Michaels wa London walirudi na picha za setilaiti kutazama maeneo hayo katika miji 7 ya Tanzania. Kule ambako barabara na maji vilitangulia watu, walikuta nyumba kubwa zaidi, zenye ghorofa zaidi, zenye umeme, maji na vyoo bora kuliko maeneo ya jirani ambayo nayo yalikuwa matupu wakati ule. Na kule kulikoboreshwa baada ya watu kujenga? Hawakukuta dalili ya ubora wowote kuzidi majirani. Kama kulikuwa na tofauti, ilikuwa ya kuwa nyuma. Nilisoma hilo mara mbili. Nchi ile ile, mkopo ule ule, miaka ile ile. Kilichotofautiana ni nani alitangulia kufika, bikoni, yaani alama ya mpimaji, au tofali.

Ndipo ninapotofautiana na wengi wanaoandika kuhusu miji endelevu. Neno hilo sasa limevalishwa minara ya vioo yenye miti kwenye baraza, mabasi ya umeme na taa za jua. Sina ugomvi nayo. Ila vyote hivyo unaweza kuvinunua kesho. Basi linaagizwa, taa inafungwa, mti unapandwa. Kitu pekee ambacho mji haukinunui baadaye, au unakinunua kwa machozi, ni upana. Hata usafiri wa mabasi ya mwendokasi, ambao nausifia pamoja na kubanana kwake, ulianza mwezi Mei 2016 kutoka Kimara hadi Kivukoni kwa sababu barabara ya Morogoro ilikuwa na upana wa kuupisha. Na mwaka uliofuata, ilipofika zamu ya kupanua kuanzia Kimara kwenda Kibaha, watu waliokuwa wamejenga ndani ya hifadhi ya barabara walijua upana ni nini. Hifadhi ile ilihesabiwa mita 121.5 kila upande. Nyumba zilianguka kwa mamia, nyingine zikiwa zimepewa umeme na maji na mashirika ya umma miaka nenda rudi, bila mtu kumwambia mwenye nyumba kwamba yupo mahali pasipo pake.

Nirudi kwa maji, maana kilimani kwetu ndipo yalipotuumbua. Nilipojenga ukuta mwaka 2013 nilijenga hadi inchi ya mwisho ya kamba ya manila, na fundi akaniuliza, "Hapa chini tuache matundu?" Nikamwambia aache mawili tu, nyoka wasiingie. Sikuwa nimefikiria kwamba maji yaliyokuwa yakitawanyika kwenye mihogo na kunywewa na mchanga sasa yanakuta bati, saruji na ukuta, yanakusanyika kichochoroni na kushuka kwa kishindo. Chini yetu anaishi mama mmoja muuza maandazi. Kila masika anapanga viroba vya mchanga mlangoni. Mwaka juzi nilimkuta anavipanga, nikamsalimia, nikampa pole ya mvua. Akainuka akishika kiuno, akaniangalia. "Baba, mvua ikinyesha kwenu, kwangu ndiyo inafika."

Nilicheka kwa aibu, nikapita. Ila maneno yale unaweza kuyapeleka Jangwani, kwenye bonde la mto Msimbazi, yakatosha bila kuongezwa kitu. Mto Msimbazi unaanzia huko kwenye vilima vya Kisarawe na Pugu, unapita katikati ya mji ukipokea vijito kutoka kila upande, mto Ng'ombe na mto Sinza ikiwemo, unaingia baharini pale daraja la Selander. Kila shamba linalogeuka bati huko juu linaongeza maji. Kila kilima kinachochimbwa mchanga kinaongeza tope. Na vyote vinakwenda kutua Jangwani, ambako kitanda cha mto kimejaa hata mvua ya kawaida inafunga barabara. Ramani za zamani zilikwisha sema bonde lile si la kujenga. Watu walijenga, na baadaye kituo cha mabasi ya mwendokasi nacho kikajengwa humo humo, kikawa kinafurika kama wengine. Bonde halichagui.

Desemba 2011 zilinyesha mvua ambazo hazikuwa zimerekodiwa tangu uhuru. Zaidi ya watu 40 walikufa. Waliokoswakoswa walipelekwa Mabwepande, kaskazini kabisa mwa mji, wakapewa viwanja. Baadhi yao walirudi bondeni, na nakumbuka jinsi tulivyowasema pale kijiweni: watu wamepewa ardhi bure wanarudia maji! Hakuna aliyeuliza mtu anayebeba mizigo Kariakoo alfajiri atatokaje Mabwepande, kwa nauli gani, afike saa ngapi. Bonde lilikuwa linamuua mara moja kwa miaka kadhaa; umbali ungemuua kila siku. Desemba 2015 zikaja X na matingatinga, Mkwajuni na Hananasif, watu wakalala juu ya vifusi vya nyumba zao hadi kazi iliposimamishwa. Sasa kuna mradi mkubwa wa Bonde la Msimbazi, wenye mkopo wa dola milioni 200 wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 2022: kulipa fidia, kuchimba mto, kuinua daraja la Jangwani, kufanya sehemu ya bonde kuwa bustani. Nauombea heri. Lakini kila nikisikia kiasi hicho cha fedha nakumbuka kwamba bonde lilikuwa wazi, na kuliacha wazi kusingegharimu hata senti.

Kuna watakaosema suluhisho ni kuwa na mamlaka moja yenye meno, ipime, iamue, ibomoe. Tulikuwa nayo Dodoma. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huko ulifanyika 1973, mamlaka ya ustawishaji ikaundwa, na kweli ilipima sana. Ukilinganisha na Dar es Salaam, Dodoma ni mji ulionyooka. Ila wakazi walivyoilalamikia, kwa viwanja, kwa bomoabomoa, kwa hati za miaka 33 tu, mpaka mwaka 2017 Rais Magufuli alipoivunja kuna waliocheza ngoma. Bikoni peke yake haipendwi na mtu.

Mimi ningeanzia kwenye mhuri. Yule mwenyekiti aliyegonga karatasi yangu mwaka 2009 alikuwa na nguvu ambayo mkurugenzi wa mipango miji hana: alikuwepo. Alimjua mzee, alimjua dalali, alijua kila kipande kinauzwa lini. Leo hii, wakati nikiandika, kuna mzee mwingine Chanika ndani huko, au Vikindu, ameshika ncha moja ya kamba. Mwenyekiti wake apewe amri moja tu iliyo rahisi kuelewa: asigonge mhuri kwenye mauziano yoyote ambayo karatasi yake haionyeshi barabara ya mita sita na njia ya maji, imepimwa na kuwekwa vigingi. Asiombwe kuwa mtaalamu. Na asilimia kumi anayoichukua iwe malipo ya kazi hiyo, ipate maana hatimaye. Mzee ataongeza bei kidogo kufidia alichoacha, na sisi wanunuzi tutalipa, kwa sababu wote kilimani tutakuwa tunalipa sawa.

Halmashauri nayo isijipe kazi ya kupima kila kiwanja. Ishike mifupa. Miji kadhaa ya Ethiopia, kama Hawassa na Adama, ilisaidiwa na wataalamu wa chuo kikuu kimoja cha New York kuchora barabara kuu kwenye mashamba yanayozunguka mji, kila baada ya kilomita moja hivi, zenye upana wa mita 30, na kuziwekea alama kabla watu hawajafika. Kilicho katikati watu watagombania wenyewe, lakini mifupa ipo. Na huko Ahmedabad nchini India, chini ya utaratibu wenye mizizi katika sheria ya 1915, wenye mashamba huunganisha ardhi zao, kila mmoja anamegewa kipande kwa ajili ya barabara na huduma, kisha anarudishiwa kiwanja kilichopungua ukubwa na kupanda thamani. Nikifikiri vizuri, ndicho kile kijana wa rangi nyekundu alichoniambia. Barabara mnajipa wenyewe. Tofauti ni kwamba wao hujipa wakati bado ni shamba.

Kwenye kikao chetu, chini ya mwembe wa ofisi ya mtaa, tulibishana Jumamosi tatu. Jumamosi ya kwanza mimi nilikuwa miongoni mwa wasemaji wakuu wa upande wa kukataa. Nilitaja Katiba. Jumamosi ya pili mama wa maandazi alisimama, hakutaja sheria yoyote, alisema tu kwamba amechoka kubeba viroba. Ukimya uliofuata sikuupenda. Jumamosi ya tatu niliweka saini.

Kuvunja ukuta kulichukua siku mbili. Kuujenga upya kulichukua miezi mitano, kwa sababu fedha haikuwepo, na katika miezi hiyo tuliishi nyuma ya uzio wa mabati na makuti kama watu wanaoficha kitu. Mpapai mmoja ulikwenda. Safari hii fundi hakuniuliza kuhusu matundu. Nilimwambia mwenyewe, kila baada ya mita mbili. Kando ya barabara tulichimba mtaro kwa kuchangishana, na ndani ya zile mita sita ulitosha bila kugombana. Masika iliyopita mama aliweka viroba vitatu badala ya kumi na kitu. Hajavitoa. Anasema anataka kuona masika mbili zaidi.

Kwenye kona ya kutokea barabara kuu mambo yamekwama. Jirani wa pale hana ukuta. Ana fremu mbili za duka, moja saluni na moja ya wakala wa fedha za simu, na kodi yake ndiyo inayomtunza tangu astaafu. Kwake mita moja na nusu ni mlango, ni kaunta, ni nusu ya kipato. Hajakataa na hajakubali. Ukikutana naye anasalimia vizuri, anauliza watoto, anaaga. Sote tunaomlaumu tulipoteza tofali na mpapai.

Kwa hiyo barabara yetu ni ya mita sita hadi kwenye fremu zake, halafu ni ya mita tatu. Jana jioni boza la maji lilijaribu kuingia. Dereva alisimama barabara kuu, akashuka, akatazama, akapanda tena. Utingo wake, kijana wa kama miaka 17, akaruka chini, akajibana mgongo kwenye ukuta wa saluni, mkono mmoja umepapasa ubavu wa tangi na mwingine unapunga, huku wateja wametoka na dawa kichwani kuja kutazama. "Njoo. Njoo. Njoo kwako, kwako kidogo. Njoo… hapo hapo! Basi, basi, basi!"